Keki ya matufaa ya daftari la bibi: kuioka Moshi na kuioka Arusha

Keki hii ni ya Moshi mjini. Bibi aliiandika kwenye daftari la shule, mama akainakili, nami nikainakili kwa mama nilipoolewa Arusha. Haina krimu wala rangi. Ni unga, mayai, siagi, mdalasini na matufaa mengi, mengi kuliko unga wenyewe. Inaliwa kwa chai ya maziwa au kahawa, na inapendeza zaidi kipupwe kinapoingia, Juni na Julai, Mlima Meru ukishinda umejifunika na watu wakitoa masweta sandukuni.

Ninayoandika hapa ni mapishi yaleyale, pamoja na mambo ambayo bibi hakuona haja ya kuyaandika kwa kuwa alikuwa akiyafanya kila mara. Yeye aliandika tu "moto wa kiasi" na "mpaka iive". Anayeanza leo hawezi kuoka kwa maneno hayo, hasa kama hayupo Moshi.

Jua kwanza unaishi wapi

Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini inakaribia mita 1,400. Barabara ni kilomita kama 80 tu, lakini keki inaijua tofauti hiyo. Ukipanda juu, hewa inapungua mgandamizo. Hewa inayotengenezwa na beking pauda ndani ya keki inatanuka haraka, keki inaumuka kabla unga na mayai havijashikana, kisha katikati inabonyea. Maji nayo yanachemka mapema: kwa Arusha ni kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Unyevu unatoka upesi, sukari inabaki imekolea, na sukari ikikolea keki inazidi kuwa legevu.

Ndiyo maana shangazi akioka Moshi inatoka imesimama, na mpwa wake akifuata daftari lilelile huko Sakina, Arusha, anapata shimo katikati. Dawa yake ni ndogo: Arusha tunapunguza beking pauda na sukari, tunaongeza maziwa, na tunaongeza moto kidogo ili keki ishikane mapema. Walioko Marangu, Machame ya juu au Ngaramtoni wafuate vipimo vya Arusha. Wa Boma Ng'ombe wafuate vya Moshi. Tengeru na Usa River mko katikati. Anzeni na vya Arusha, ni salama zaidi.

Kuchagua matufaa

Matufaa mengi tunayoyaona sokoni yanatoka Afrika Kusini, upande wa Cape ya Magharibi, maeneo kama Elgin na Ceres. Huko yanachumwa kuanzia Februari mpaka Mei hivi, wakati kwao majani yanapukutika na baridi inakaribia. Kwa hiyo yanayotufikia kati ya Aprili na Julai huwa mapya. Yale ya Novemba au Desemba mara nyingi yamekaa kwenye vyumba vya baridi kwa miezi. Kwa kula si mabaya, ila kwa keki yanaweza kuwa yamekuwa ungaunga ndani, na tufaa la ungaunga likipata moto linakuwa uji.

Ya kijani, Granny Smith, ndiyo bora kwa keki hii. Ni makali, ni magumu, na yakiiva yanabaki vipande. Utamu wa keki unatoka kwenye sukari. Tufaa linaleta ukali na harufu. Yale ya manjano, Golden Delicious, yanafaa ukipunguza sukari kidogo na ukiongeza limau. Mekundu yanayong'aa yenye ganda nene ni ya kula tu. Yakiokwa hayabaki na ladha wala umbo. Mimi nikikosa ya kijani kabisa, nachanganya Golden Delicious na peasi ngumu za Lushoto, na keki inatoka nzuri.

Pale soko la Kilombero, Arusha, wauzaji wamezoea wateja wanaotaka matamu, kwa hiyo sema wazi.

"Dada, chukua haya mekundu, matamu sana."

"Asante kaka, nataka ya kijani, yale magumu. Ni ya kuokea."

"Haya makali, dada, watoto hawatakula."

"Hayohayo. Nipimie kilo moja, usiniwekee yenye michubuko."

Libonyeze tufaa karibu na kikonyo. Likibonyea kwa kidole, liache. Lipime mkononi pia: zuri huwa zito kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake. Kilo moja inatosha na chenji: unahitaji manne au matano ya wastani, gramu 600 hivi kabla ya kumenya.

Kikombe cha bibi na kikombe chako

Daftari linapima kwa vikombe, na kikombe cha bibi kilikuwa cha bati. Vikombe vya siku hizi vinatofautiana sana. Kile kikubwa cha chai kinaweza kubeba mililita 350. Njia rahisi ya kujua ni kuchukua chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa, na kuimimina kwenye kikombe chako. Ikijaza vikombe viwili sawasawa, una kikombe cha mililita 250, nacho ndicho ninachotumia hapa. Isipojaza viwili, tafuta kikombe kingine au weka alama kwa kalamu pale maji yalipofikia nusu ya chupa. Mizani ya jikoni ikiwepo, tumia mizani na usahau vikombe.

Vipimo

Kwa bati la duara la sentimita 22 au 23:

Unga wa ngano gramu 250, yaani vikombe viwili vilivyojazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu, bila kushindilia. Tumia unga wa kawaida wa chapati. Ule uliokwishachanganywa na beking pauda usiutumie.

Siagi gramu 125. Majarini inafanya kazi, ila harufu ya siagi hutaipata.

Sukari: Moshi gramu 170, Arusha gramu 150. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya pembeni, kwa ajili ya matufaa.

Mayai ya kisasa 3. Ya kienyeji ni madogo, weka 4.

Maziwa: Moshi mililita 80, Arusha mililita 110.

Beking pauda: Moshi vijiko 2 vya chai, Arusha kijiko kimoja na robo tatu.

Mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, iliki punje 5 zilizotwangwa, chumvi robo kijiko cha chai, limau 1.

Bibi aliandika mdalasini peke yake. Iliki iliongezwa na mama, na sasa siwezi kuila bila iliki. Karafuu usiweke, inaufunika ukali wa tufaa wote.

Kama kopo la beking pauda limekaa kabatini muda mrefu, lijaribu. Tia nusu kijiko kwenye kikombe na umiminie maji ya moto. Inatakiwa kufoka povu papo hapo. Ikitoa mapovu machache ya uvivu, nunua nyingine.

Hatua ya kwanza: matufaa

Hapa usiharakishe, maana keki nyingi za matufaa zinaharibika kwa sababu ya maji, na maji yanatoka kwenye tunda.

Kamua nusu ya limau kwenye bakuli kubwa. Menya matufaa, yakate robo, toa kokwa na ile ngozi ngumu inayozizunguka. Nusu ya matufaa ikate vipande vidogo vya mraba, sentimita moja hivi. Nusu nyingine ikate vipande vyembamba vya kupanga juu. Kila unachokata kitupie kwenye bakuli na ukigeuze kwenye limau mara moja. Asidi yake inazuia tunda kugeuka rangi ya kahawia likikutana na hewa. Weka vipande vya mraba upande mmoja na vyembamba upande mwingine.

Nyunyizia vile vijiko viwili vya sukari na nusu ya mdalasini, geuza taratibu, acha dakika kumi na tano. Sukari itavuta maji. Chini ya bakuli utaona yamejikusanya, ya rangi ya chai hafifu, yananukia. Hayo ndiyo yangeifanya keki ikae kama ugali mbichi kwenye kitako. Chuja kwenye chungio ukiyakinga kwenye sufuria ndogo na kuyaweka pembeni. Yana kazi yake mwishoni.

Kama matufaa ni yale ya ghalani, laini, fanya jambo moja zaidi: yale ya mraba yakaange kwa kijiko kimoja cha siagi kwa dakika tano, sufuria wazi, mpaka mvuke upungue. Yaache yapoe kabisa kabla ya kuyatia kwenye unga.

Hatua ya pili: kupiga keki

Toa siagi, mayai na maziwa kwenye friji mapema. Asubuhi za Julai Arusha siagi inakaa ngumu hata ikiwa mezani, kwa hiyo ikate vipande uiweke karibu na jiko, si juu yake. Inatakiwa iwe laini kiasi cha kidole kuingia, isiyeyuke.

Chapa siagi na sukari kwa mwiko wa mti au mashine mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Kwa mkono ni dakika kumi hivi za kazi ya kweli. Kwaruza ganda la njano la ile nusu ya limau iliyobaki, ulitie. Ongeza yai moja moja, ukichapa vizuri kila mara. Ukiona mchanganyiko unakatika, yaani unafanya vidonge na maji, tia kijiko kimoja cha unga na uendelee, utarudiana.

Chekecha unga, beking pauda, chumvi, iliki na mdalasini uliobaki. Tia theluthi ya unga, koroga, tia nusu ya maziwa, koroga, na kadhalika mpaka uishie na unga. Kuanzia hapa usichape tena. Ukikoroga sana, unga wa ngano unavutika kama wa chapati na keki inakuwa ngumu. Acha pale tu unga mkavu unapotoweka.

Mchanganyiko unatakiwa kuwa mzito: ukiinua mwiko, uning'inie kidogo ndipo uanguke. Ukimiminika kama uji, umezidisha maziwa.

Vipande vya mraba vinyunyizie kijiko kimoja cha unga, uvigeuze, kisha uvichanganye kwenye keki. Unga huo unavishika visizame. Mimina kwenye bati ulilopaka siagi na kunyunyiza unga, sawazisha, halafu panga vile vyembamba juu kwa mduara, ukianzia ukingoni na kila kipande kikilalia kidogo mwenzake. Usivididimize, keki itaumuka na kuvishika yenyewe.

Hatua ya tatu: moto

Mwenye oveni awashe dakika kumi na tano kabla: nyuzi 180 kwa Moshi, 190 kwa Arusha. Weka bati katikati.

Lakini nyumba nyingi tunaoka kwa mkaa, na keki hii ilizaliwa kwenye mkaa. Chukua sufuria kubwa nene ambayo bati la keki linaingia na kubaki nafasi ya vidole viwili kila upande. Weka mchanga mkavu, safi, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka mawe matatu madogo yanayolingana, au pete ya kopo, ili bati lisiguse mchanga. Funika kwa sinia bapa la bati. Mfuniko wenye mgongo wa mviringo haushiki makaa.

Subiri mkaa uwe mwekundu wote na kuanza kuvaa majivu. Sasa ugawe: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili ziende juu ya sinia, zimesambazwa mpaka pembezoni. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo sababu keki inaungua chini huku juu ikiwa nyeupe. Acha sufuria ipate moto tupu kwa dakika ishirini.

"Moto wa kiasi" wa bibi unapimwa hivi: weka kijiko cha unga kwenye kifuniko kidogo cha bati, kiingize ndani, funika. Ukigeuka rangi ya dhahabu hafifu baada ya dakika kama tano, moto uko sawa. Ukiungua ndani ya dakika moja au mbili, ondoa makaa ya chini. Ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Fanya kazi hii nje au kwenye jiko la uani lenye upepo. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na siku za baridi ndipo watu wanapofunga madirisha. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha.

Wenye jiko la gesi wanaweza kutumia sufuria na mchanga vilevile, moto mdogo. Inaiva, ila juu haipati rangi. Yale maji ya matufaa, yakichemshwa na kupakwa juu mwishoni, yatasaidia.

Hatua ya nne: kuoka

Dakika thelathini za kwanza usifunue. Keki bado haijashikana, na hewa ya baridi inaiangusha. Kwenye mkaa kuna la ziada: ukifunua ovyo, majivu yanaingia. Ukihitaji kufunua baadaye, inua sinia lote sawasawa kwa koleo na kitambaa kinene, ulivute pembeni bila kulitikisa.

Kwa jumla inachukua dakika 45 mpaka 55 kwenye oveni. Kwa mkaa inaweza kufika saa nzima. Harufu ya mdalasini ikijaa uani, anza kuangalia. Choma kijiti katikati, mahali penye keki, si penye tufaa, maana tufaa daima litatoa unyevu na kukudanganya. Kikitoka kikavu au na chembe chache zilizoiva, toa. Juu ikianza kuwa nyeusi na ndani bado, punguza makaa ya juu au funika keki kwa karatasi ya foili.

Keki ikiwa inamalizia, rudi kwenye yale maji ya matufaa. Yachemshe kwa moto mdogo mpaka yabaki mazito kama asali, vijiko viwili au vitatu. Yana asidi ya limau, kwa hiyo sukari yake haigandi chembechembe kirahisi. Mara keki itokapo, yapake juu kwa brashi au mgongo wa kijiko. Matufaa yatang'aa, na ukali wake utarudi pale pale juu ya ulimi.

Iache kwenye bati dakika ishirini. Keki ya matufaa ikitolewa ya moto inapasuka, kwa sababu tunda ndani bado ni laini. Pitisha kisu pembeni, igeuze juu ya sahani, kisha igeuze tena matufaa yatazame juu. Usikate mpaka iwe vuguvugu.

Ikienda tofauti

Katikati imebonyea: kama uko juu ya mita 1,000, punguza beking pauda kwa robo kijiko kingine, na hakikisha moto ulikuwa umekolea kabla ya kuingiza. Kama uko Moshi, huenda uliifunua mapema.

Kitako kimekaa kibichi na kinanata: matufaa hayakuchujwa, au yalikuwa ya ungaunga. Mara nyingine ni moto mdogo wa chini; theluthi moja ya makaa si makaa mawili matatu.

Keki ni kavu, inabomoka: umeshindilia unga kwenye kikombe, au umeoka muda mrefu. Inaokolewa kwa kuipaka maziwa ya moto yenye sukari na kuifunika.

Vipande vyote vimezama: mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Ladha haijaharibika, mpe mgeni bila wasiwasi.

Kuihifadhi

Siku ya pili ina ladha zaidi, mdalasini ukiwa umeingia mpaka ndani. Arusha wakati wa kipupwe inakaa siku mbili mezani chini ya kitambaa safi. Moshi, hasa miezi ya joto ya Januari na Februari, usiku mmoja tu, kisha friji, maana tunda lina unyevu na ukungu unaanzia hapo. Ukiipeleka safarini kwa basi, iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga, la sivyo mvuke utalowesha juu.

Maganda usiyatupe. Ila matufaa yaoshe kabla ya kumenya, kwa kuwa ya dukani mara nyingi hupakwa nta. Yasugue kwa maji ya vuguvugu. Kisha chemsha maganda na kipande cha tangawizi na kijiti cha mdalasini kwa dakika ishirini, chuja, tia sukari kidogo. Mbegu zisiingie humo. Ni kinywaji cha kunywa wakati keki ingali kwenye moto, na watoto wanaosubiri uani wataacha kuuliza kama imeiva.